Majina Yanayobana, Majina Yanayopwaya

Nilikwenda kwa fundi kupunguziwa suruali iliyokuwa ikinipwaya kiunoni. Kwenye benchi alinitangulia binti mmoja, kitenge mapajani, simu mkononi. Aliisogeza simu hadi puani kwa fundi. "Nataka mshono huu, ila mgongo uufunge." Fundi akatazama picha, akatazama kitenge, akatikisa kichwa. "Mshono huu unakula kitambaa, dada. Ongeza mita mbili."

Suruali nikaisahau. Nilibaki na hilo neno, mshono, nikiligeuza kama mtu anayegeuza nguo dukani aone upande wa ndani.

Kamusini mshono ni mahali sindano ilipopita: begani kwa shati, au tumboni kwa mgonjwa aliyepasuliwa. Kwa binti yule na fundi wake mshono ni sura nzima ya gauni: shingo yake, mikono yake, linapobana na linapomwagika. Ndicho kile ambacho magazeti huita dizaini, nasi tunaopenda kujikosha tunakiita ubunifu wa vazi. Vibanda vya mafundi vilikwisha kulimaliza jambo hilo bila kikao wala posho: mishono ya vitenge, mshono wa harusi, mshono wa kwendea ukweni. Wingi wake umekuja wenyewe, na kila mteja anaelewa.

Simwombei mtindo kifo. Mtindo ni wa wengi na wa msimu. Unaingia, unavuma, unapitwa. Mshono ni wa nguo moja, na hubaki kwenye nguo hata msimu ukiondoka. Mabega makubwa yanaweza kuwa mtindo wa mwaka huu. Mgongo uliofungwa, kwa sababu nyumbani kuna baba atakayeuliza, ni mshono wa gauni la binti yule peke yake. Tuna maneno mawili kwa mambo mawili. Staili tuwaachie wasusi.

Yupo ndugu wa tatu. Mjini siku hizi utasikia "koti limefiti". Mtu mzima wa Pwani hasemi hivyo. Anasema nguo imekukaa, imekupenda, imekukubali. Hebu msomaji mwenzangu itazame sarufi hiyo: nguo ndiyo inayotenda, na mvaaji anangoja hukumu. Unaweza kuilipia, kuivaa na kuzunguka nayo mbele ya kioo, bado ikakukataa. Nomino ya jambo hili tunayo, ni mkao. "Koti lina mkao mzuri." Nimelijaribu kwa mafundi watatu na hakuna aliyeniuliza maana yake.

Na saizi je? Zamani cheo kilikuwa kipimo kabla hakijawa madaraka. Cheo cha kiatu ni ukubwa wake. Najua nikiingia duka la viatu nikauliza cheo, muuzaji atadhani namhoji meneja. Napendekeza hivyo hivyo, nusu kwa mzaha. Nusu nyingine si mzaha.

Fundi ana vitenzi viwili anavyopimia kazi yake yote, kubana na kupwaya. Nimeviazima ili niyapimie majina ya nguo zenyewe.

Tuanze na ndege. Kanga ni ndege mwenye madoadoa meupe juu ya manyoya ya kijivu cheusi, na nguo ilichukua jina lake kwa sababu chapa za mwanzo, karne ya 19, zilikuwa na madoadoa ya namna hiyo. Jina lilitoka kwenye jicho. Halikutafsiriwa, halikukopwa, mtu alitazama kitambaa akaona banda la kuku wa porini.

Wanaoandika khanga kwa h hulaumiwa kuwa wanataka kulivisha neno kilemba cha Uarabuni. Wanaonewa. Msikilize mzee wa Mvita akimtaja ndege huyo: pumzi inatoka pamoja na k, puu, kama anayezima mshumaa ulio mbali. Lahaja za kaskazini hutenganisha k yenye pumzi na k kavu, na tahajia sanifu ikaona tofauti hiyo haina haja ya herufi. H ile ni pumzi iliyogoma kufutwa. Mimi naandika kanga, lakini simsahihishi anayeandika khanga, maana huenda anasikia zaidi yangu.

Mombasa nguo hiyo ni leso. Siku ya kwanza nilipofika Biashara Street jua lilikuwa la kuchemsha yai, nikamwomba muuzaji leso nijifutie jasho. Aliniteremshia furushi. "Ya mama au ya mchumba?" Kwetu bara ya Tanzania leso ni kile kitambaa kidogo cha mfukoni, na Wamombasa na sisi tumekunywa kisima kimoja: lenço la Wareno, kitambaa cha mkono. Husimuliwa Pwani kwamba wanawake walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakaunga sita, tatu juu tatu chini, wakapata vazi. Bara tulibaki na kipande kimoja; Mombasa wakabaki na vyote sita. Nilinunua ya mama.

Jina leso, basi, lina kumbukumbu ya uzi na sindano ndani yake, na jina kanga lina kumbukumbu ya rangi. Anayetaka nichague moja atangoja sana.

Kanga haiuzwi moja, huuzwa doti. Neno hili lilitoka Bara Hindi likiwa nguo ya kiunoni, likafika kwetu likawa kipimo: kwa wafanyabiashara wa misafara doti ilikuwa wari 4 za kitambaa, na nusu yake, wari 2, iliitwa shuka. Kisha misafara ikaisha na vipimo vikakosa kazi. Doti ikajishikiza kwenye kanga, ikawa jozi, na nusu yake ikaitwa upande. Shuka nayo ikatafuta kazi nyingine: moja ilipanda kitandani, moja ikatundikwa begani kwa Mmasai. Mwaka 2011 nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ilipopeleka jukwaani mavazi ya kiume yenye miraba ile myekundu na buluu, waandishi wa dunia wakajifunza neno shuka. Sidhani kama walijua kuwa wanatamka kipimo cha kitambaa.

Ukikunjua upande mmoja wa kanga utakuta pindo likizunguka kote, na katikati mji. Mji! Ningepewa kazi ya kutafuta istilahi hiyo ofisini, ningeandika "eneo la kati" na kupokea mshahara wangu. Aliyeita mji aliona pindo kama ukuta na ndani yake watu. Au aliona zaidi, kwa kuwa Kiswahili kina mji mwingine, mji wa mimba, ambamo kila mmoja wetu alikaa kabla hajavaa chochote. Kanga ndiyo nguo anayopokelewa nayo mtoto. Sijui kama aliyetoa jina aliyaunganisha hayo mawili; mimi nikishaunganisha siwezi kutenganisha.

Chini ya mji, juu ya pindo la chini, hukaa maandishi. Wataalamu wengi huyaita ujumbe, wengine methali, wengine misemo ya kanga. Wanaozinunua wana neno fupi, jina. "Hii jina lake nini?" Hununui kanga ya bluu au nyekundu, unanunua kanga yenye jina fulani, na mtu hukubali rangi asiyoipenda kwa sababu jina limemgusa jirani anayemlenga. Mombasa, kwa Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza mwaka 1887, kanga hutoka na muhuri wa "Mali ya Abdulla", kwa hiyo kitambaa kimoja hubeba jina lake na jina la mwenye mali. Mwanzoni majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Ujumbe ni neno la mkutano, lina risala na mgeni rasmi. Hapa linapwaya vibaya. Turudishe jina.

Na kuna jambo ambalo Kiswahili kimelifanya kwa vitenzi kuliko kwa nomino. Kanga haivaliwi tu. Unajifunga kanga kiunoni, unajitanda mabegani, unapiga ushungi ukifunika kichwa, ukiwa na kazi nzito au ngoma nzito unajifunga kibwebwe, na hapo hata mwanamume asiye na kanga huambiwa ajifunge kibwebwe shamba limalizike. Nguo moja, namna nne, watu wanne tofauti. Kutokana na kutanda tumepata mtandio, neno ambalo halina kasoro hata ya kupunguzwa nusu inchi. Nikiona tangazo la "skafu za kina mama" nashindwa kumeza mate.

Mwenzake kanga, kitenge, ana ukoo bara zima: Zambia husema chitenge, Malawi chitenje. Ukifika Lubumbashi, Waswahili wenzetu wa Katanga watakupa kikwembe. Nalipenda neno hilo kuliko nguo yenyewe. Lina mlio wa kitambaa kipya chenye wanga, kinapokunjuliwa kwa mara ya kwanza.

Kikoi kilinusurika. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina hilo, kwa tahajia ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Wakenya wakapinga hadi ombi likafa. Watu walitetea soko la wafumaji, na walikuwa na haki. Mimi nilikuwa natetea ki- ya mwanzo. Ukishaliandika neno kwa y na kulifunga kwenye sheria, hutapata tena vikoi viwili. Utapata "kikoys", na hapo ngeli imekufa.

Nije kwenye kanzu, ambako nina deni. Nilikuwa nikidhani kanzu ni mfuko mrefu wenye mikono, hadi nilipokaa na mshonaji mmoja mzee aliyeichambua mbele yangu kama mchinjaji anavyochambua mbuzi. Kipande kikuu ni badani, neno la Kiarabu lenye maana ya mwili. Kando yake zinashuka taharizi, vile vipande vinavyoitanua kanzu kuelekea chini. Chini ya mkono kuna kikwapa, kwa sababu kinakaa kwapani na pasipo hicho mkono haunyanyuki. Mwisho wa mkono, kwa ndani, kuna sijafu. Shingoni kuna kaba. Nikamuuliza, "Na hii?" Akasema, "Hiyo jicho." Sikuwa natazama nguo tena, nilikuwa natazama mtu aliyelazwa mezani.

Omani, ambako kanzu ina kishada shingoni, na ambako kumma ya kichwani ina undugu wa wazi na kofia za Unguja, wana majina yao. Ya kwetu ni haya, na yanakwenda. Fundi kijana hajui taharizi. Anajua kola, kafu, lastiki na zipu. Zipu namsamehe, ilikuja na jina lake. Kola simsamehi, maana tunao ukosi, shingo ya nyuma na sehemu ya shati inayoikalia, jina moja kwa nyama na kitambaa. "Simamisha ukosi." Litamke mara tatu uone kama kola haijaanza kukuwasha.

Shati lenyewe, nikiri, lina msamiati wa kutisha. Lina vifungo, na la kizamani lina vitanzi. Mtu hulivaa asubuhi na kwenda kazini akiwa na kifungo kifuani na kitanzi shingoni, bila ya kuwa amemkosea yeyote.

Kofia za mkono nazo zina viua, vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi hadi vikafanana na maua. Kiua ni ua dogo. Mtarizi angeweza kuviita matundu na asingekosea, lakini angeuza tundu kwa bei ya tundu.

Wanaosema Kiswahili hakiwezi kuzaa majina ya mavazi ya kisasa wamekaa vyumbani. Watoke wasikilize miguu inavyopita. Kandambili: kanda mbili, basi, umemaliza, umeeleza kiatu chote. (Ndala, malapa na patipati ni ndugu zake wa mikoa mingine, sitaki ugomvi nao.) Mchuchumio: kiatu cha kisigino kirefu, kutoka kuchuchumia, kusimama kwa vidole ufikie kilicho juu. Wengine wangekitaja kwa kisigino chake. Aliyeita mchuchumio alikiita kwa juhudi ya anayekivaa. Mlegezo: suruali iliyoshushwa chini ya kiuno, jina lenye lawama ya mzazi na kiburi cha mwana kwa pamoja. Kuchomekea: shati ndani ya suruali, kitenzi kimoja chenye nidhamu nzima ya shule ya sekondari.

Kimini ndicho kipenzi changu. Sketi ilikuja ikiitwa mini. Mdomo wa Mswahili haukuridhika na udogo huo wa kigeni, ukaongeza ki- ya kwake, udogo juu ya udogo, na wingi ukawa vimini. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanza Operesheni Vijana kuzifukuza mitaani nguo zilizodaiwa kuutia aibu utamaduni wetu, vimini, wigi na suruali za kubana, operesheni ile ilikuwa inapigana na nguo ya kigeni yenye jina ambalo tayari lilikuwa limechukua uraia. Nguo zilijificha kwa muda. Jina halikwenda popote.

Yapo pia majina yaliyochukuliwa kwa watu. Gomesi ya Uganda ni jina la fundi Mgoa wa Kampala, Gomes, na leo bibi harusi wa Kiganda hamfikirii kabisa mzee huyo anapofunga mshipi wake. Jina limekaa. Lakini kaunda suti, ile ya mikono mifupi na mifuko kifuani, jina lake bado lina bandi, halijashonwa. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipoipiga marufuku bungeni, redio ziliyumba: kaunda suti, suti ya Kaunda, suti za Kaunda. Mpangilio wa kwanza si wetu. Sisi hatusemi "mama nyumba" tukimaanisha nyumba ya mama. Suti ya Kaunda ni sahihi ila inachosha. Njia ameshatuonyesha Gomes: acheni suti, bakini na jina kwa herufi ndogo. "Amevaa kaunda." Mzee Kaunda wa Lusaka hatapungukiwa kitu.

Majina mengine hayakuzaliwa upya, yalifufuka. Joho lilikuwa vazi la wakubwa, zito, la kitambaa cha sufu, lililovaliwa juu ya kanzu na masultani na makadhi. Wakubwa wakapungua. Neno likakaa sandukuni hadi vyuo vikuu vilipohitaji jina la lile vazi jeusi la mahafali, na lilipotolewa lilikuwa halijaliwa na nondo. Leo mtoto wa mkulima anapiga picha na joho, na hakuna aliyebuni kitu, walikumbuka tu.

Barakoa ndiyo iliyonistaajabisha. Ilikuwa kifuniko cha uso cha mabibi wa Unguja, chenye tundu za macho na nakshi za dhahabu, na ilipoachwa neno lilibaki kwa wanahistoria na wacheza maigizo. Mwaka 2020 dunia nzima ikataka kufunika pua na mdomo. Tulikuwa na wiki chache tu za kuchagua. Maski lilikuwa mlangoni, limeshavua viatu. Na bado barakoa likasimama, likaingia kwenye taarifa ya habari, likabandikwa kwenye milango ya benki, na dereva wa daladala akalitamka kana kwamba bibi yake alikuwa nayo. Niliposikia kwa mara ya kwanza "vaa barakoa au shuka" nilivaa, nikatabasamu humo ndani.

Buibui, buibui, halina bahati hiyo. Jina moja kwa mdudu na kwa vazi jeusi la kujifunikia, na Mombasa husema baibui. Sasa karibu kila mwenye duka anauza abaya, na kwa haki, maana abaya ni vazi jingine: lina mikono iliyoshonwa na huachia kichwa kwa mtandio, wakati buibui la zamani lilianzia utosini. Sililii neno linaloondoka na kitu chake. Nalilia neno linalofukuzwa kitu chake kikiwa bado kipo.

Kuna merikani pia. Kitambaa kigumu cha pamba kilichotoka viwanda vya Massachusetts kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Sultani Seyyid Said kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833. Nchi ikawa kitambaa. Misafara iliifunga merikani kwenye mitumba, mzigo mmoja mzigo wa mpagazi mmoja. Leo mitumba bado inatoka ng'ambo, ila ndani yake mna nguo zilizokwisha kuvaliwa, zile ambazo wazee wetu walizipa jina kali la kafa Ulaya. Sokoni Gikomba, Nairobi, marobota yakifunguliwa, nguo bora ni kamera, za mwisho ni fagia. Mchambuzi mmoja aliandika kwamba mitumba ni "nguo zilizotumika". Kamera haijatumika, ndugu yangu, kamera imengojewa tangu saa kumi na moja alfajiri.

Sasa watu wa kazi hiyo. Tangu mwaka 2008 Dar es Salaam ina Swahili Fashion Week, jina ambalo Uswahili wake umeishia kwenye neno la kwanza, na waandishi wetu wakienda huko hurudi na neno mwanamitindo likiwa limebeba mizigo mitatu. Mwanamitindo anabuni, mwanamitindo anatembea jukwaani, mwanamitindo anamchagulia mwimbaji viatu. Mwanamuziki hufanya muziki na mwanasheria hufanya sheria. Kwa mantiki hiyo mwanamitindo angekuwa mbunifu, lakini mazoea yamempa anayetembea, na mazoea sibishani nayo. Mbunifu basi abaki mbunifu.

Aliyekosa jina ni yule wa tatu, anayemtazama mtu na kuamua mkanda huu uende na viatu hivi. Wengi humwita stailisti, na nikilisikia naona mtu anayesafisha meno. Kiswahili kina kitenzi kuvisha, na tumekiheshimu mno: tunavisha pete, tunavisha taji, tunamvisha mtu kilemba cha ukoka tukitaka kumpaka mafuta. Mwenye kuvisha ni mvishaji. "Mvishaji wake ni nani?" Limekaa, halibani popote.

Na fundi asishushwe. Nimesikia mbunifu mmoja akisema, "Mimi si fundi," kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa. Fundi ana mzizi mmoja na kufunda na kufundisha. Ni mtu aliyefundwa hadi akafunda. Mbunifu anaweza kuwa na wazo tu. Fundi hawezi kuwa na jina hilo mikono yake ikiwa mitupu.

Limebaki lile lililonisumbua muda mrefu zaidi, jina la vile vitu vinavyofuatana na nguo. Mapambo? Miwani si pambo kwa asiyeona mbali. Urembo? Saa ya mzee wa Kariakoo haina urembo, ina mkwaruzo. Madoido ni maneno ya kumsema mtu akishaondoka. Mtaani wana vikorombwezo, na lina raha mdomoni, unasikia bangili zikigongana. Ila siwezi kumwambia shehe kwamba bakora yake ni kikorombwezo. Vipuli ni vya masikio, na kwa wasiotenga r na l ni vya gari pia: nimeona kibao "Vipuli vya Kisasa", nikaingia nikitafuta zawadi ya arusi, nikakuta vichujio vya mafuta ya injini.

Nikafikiri kitoweo. Vazi ni ugali, unashibisha, lakini hakuna anayesifu ugali mtupu. Mkanda, kidani, mkoba na miwani ndivyo vitoweo vyake, na kwa hivyo ndivyo unavyojua nyumba hii wanakula nini. Vitoweo vya vazi. Nilijipongeza kwa siku mbili nzima.

Siku ya tatu nikampelekea shangazi. Alikuwa anajiandaa kwenda arusini, doti yake mpya imekunjuliwa kitandani, kisanduku kimefunguliwa. Nikaeleza ugali, nikaeleza kitoweo, nikauliza yeye vyote vile vya kisandukuni anaviitaje kwa pamoja.

"Kwa pamoja?" Akanitazama kana kwamba nimemuuliza wajukuu wake wote wanaitwa nani kwa jina moja. Akaanza kutoa kimoja kimoja na kukiweka juu ya kanga: "Hiki kidani. Huu mkufu, alinipa marehemu. Hizi bangili. Hiki kikuku, sivai tena, mguu umevimba. Hiki kipini." Akanyoosha mkono bila kunitazama. "Nipe kile kioo."